Je, wajua? Insulini hutengenezwa hata kifuani, na si kwa ajili ya sukari

Kila aliyesoma baiolojia ya sekondari anajua kuwa insulini hutoka kwenye kongosho. Asichoambiwa ni kwamba kiasi kidogo mno cha insulini hiyohiyo hutengenezwa pia nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo, ndani ya tezi iitwayo thaimasi. Huko haishushi sukari ya mtu yeyote. Hutengenezwa ili ionwe tu.

Ionwe na nani? Na seli T, zile chembe nyeupe za damu zinazoua seli zilizovamiwa na virusi na kuziamrisha chembe nyingine za kinga. Kila seli T hujiundia kipokezi chake kwa bahati nasibu: vipande vya jeni hukatwa, huchanganywa na kuungwa upya, kila seli kivyake. Ndiyo maana mwili unaweza kupambana na kidudu ambacho haujawahi kukutana nacho. Ila bahati nasibu haichagui. Kipokezi kimoja kitanasa virusi vya mafua, kingine kitanasa insulini yako mwenyewe, na seli yenye hicho cha pili ikiachiwa iingie kwenye damu inaweza kwenda kuliharibu kongosho. Inabidi ikamatwe mapema. Sasa, seli iliyo bado kifuani, ambayo haijawahi hata kulikaribia kongosho, itapimwa kwa kitu gani?

Wanaolifumbua fumbo hili si seli za kinga. Ni seli za kiunzi, zinazojenga kuta na nyavu za tezi yenyewe. Kwa miaka mingi zilichukuliwa kama nguzo za nyumba: zipo, zinashikilia, basi. Hata thaimasi nzima haikupewa heshima hadi mwaka 1961, mtafiti Jacques Miller alipoitoa kwa panya wachanga huko London. Panya wale walidhoofika, wakaugua, na wakawa wanaipokea ngozi iliyopandikizwa kutoka kwa panya wengine bila kinga yao kuikataa. Ukiitoa kwa panya mzima huoni tofauti kubwa, kwa kuwa seli T zake zimeshasambaa mwilini. Si ajabu tezi hii ilidhaniwa haina kazi.

Seli changa huzaliwa kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, husafiri na damu, kisha huvutwa hadi thaimasi na kemikali zinazomwagwa na seli za kiunzi. Zinapofika hazijaamua zitakuwa nini. Seli za kiunzi za tabaka la nje zimebeba juu yake protini iitwayo DLL4, nayo hugusa kipokezi kiitwacho Notchi kwenye seli changa. Mguso huo ndio uamuzi. Ukiuondoa, seli zinazoingia thaimasi hugeuka seli B, ukoo wa watengenezaji wa kingamwili, yaani protini za damu zinazonasa vidudu.

Mwaka 2002 watafiti wa Toronto, Kanada, walilionyesha jambo hili kwa jaribio ambalo mimi naliona zuri kuliko yote katika habari hii. Walitumia seli za kiunzi za uboho wa panya, ambazo kwenye kisahani cha maabara hulea seli B vizuri tu. Wakaziongezea jeni moja, ya protini iliyo ndugu na DLL4. Seli changa ni zilezile, kisahani ni kilekile. Zikatoka seli T.

Kwenye tabaka hilo la nje kuna mtihani wa kwanza: seli za kiunzi huonyesha vipande vya protini vikiwa vimeshikwa juu ya vibebeo maalumu, na seli T ambayo kipokezi chake hakiwezi kuvishika hata kidogo hufa baada ya siku chache. Zilizopona husogea katikati ya tezi, na hapo ndipo insulini inapokuja. Seli za kiunzi za katikati zina protini iitwayo AIRE, inayofungua jeni ambazo kwa haki zilipaswa kufungwa. Moja hutoa insulini, jirani yake hutoa protini ya jicho, mwingine ya mate. Hakuna inayotoa zote, kwa hiyo seli T hutembezwa siku kadhaa kutoka mlango hadi mlango. Inayonasa kitu cha mwili kwa nguvu hujiua, au hugeuzwa kuwa seli ya kutuliza seli T wenzake. Watu hupenda kuiita thaimasi shule. Sijui ni shule gani ambayo zaidi ya wanafunzi 90 katika kila 100 hawatoki hai.

AIRE ilitambuliwa mwaka 1997 kupitia familia zenye ugonjwa wa nadra, unaoonekana zaidi Finland: jeni hiyo ikiharibika, kinga hushambulia tezi za homoni, hasa zinazodhibiti kalisiamu na zile zilizo juu ya figo. Hata kiasi cha insulini kinachoonyeshwa kwenye thaimasi kina uzito wake. Watu wenye aina ya jeni ya insulini inayofanya kazi zaidi ndani ya thaimasi wana hatari ndogo ya kupata kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho kinga huliharibu kongosho.

Wapo pia watoto wachache wanaozaliwa bila thaimasi kabisa. Uboho wao ni mzima na seli changa zipo, ila hazina pa kwenda. Tiba iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 hutumia thaimasi ya watoto wengine waliopasuliwa moyo, kwani daktari hulazimika kuitoa sehemu ya tezi hiyo ili aufikie moyo. Hukatwa vipande vyembamba, hulelewa maabara kwa wiki mbili tatu hadi seli T za mtoto aliyetolewa tezi ziishe na kiunzi kibaki, kisha hupandikizwa kwenye misuli ya paja. Baada ya miezi kadhaa, seli changa za mtoto huanza kufika pajani na kutoka zikiwa seli T.