Farasi si Ng'ombe: Dhana Potofu Kuhusu Lishe Yake, Tangu Mimba hadi Uzee

Katika nyanda za juu za Kenya, ambako farasi na ng'ombe wa maziwa mara nyingi hulishwa katika shamba moja, makosa mengi ya lishe hutokana na dhana kwamba kinachomfaa ng'ombe kitamfaa na farasi.

Dhana ya kwanza ni kwamba nyasi zote ni sawa. Nyasi ya kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda hizi hizi, ni malisho mazuri ya ng'ombe, lakini ina okzaleti, kemikali inayoikamata kalsiamu isifyonzwe. Vijidudu vilivyomo katika tumbo la kwanza la ng'ombe huivunja okzaleti mapema. Farasi hana tumbo hilo, na chakula chake huchachushwa katika utumbo mpana, baada ya kupita sehemu ambayo kalsiamu hufyonzwa. Hapo mwili huanza kuichota kalsiamu mifupani, na hali hiyo ikiendelea kwa miezi, farasi huchechemea na mifupa ya uso wake huvimba. Mfugaji anayeongeza pumba za ngano akidhani anamtia nguvu humdhuru zaidi, kwa kuwa fosforasi yake huizidi kalsiamu takriban mara kumi. Ni afadhali hei (nyasi iliyokaushwa) ya boma Rhodes, aina nyingine ya nyasi, lusini, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, kwa kiasi, na chokaa ya malisho.

Wengine huamini kwamba nafaka ndiyo chakula na hei ni ya kujazia tumbo tu. Farasi wa kilo 400 huhitaji takriban kilo 8 za chakula kikavu kwa siku, na sehemu kubwa yake yapasa kuwa nyasi, kwa sababu tumbo lake dogo hutoa asidi mchana kutwa na usiku kucha, ilhali mate ya kuipunguza makali hutoka anapotafuna tu. Akipewa mahindi mengi kwa mkupuo, wanga usiomeng'enywa humiminika katika utumbo mpana, na matokeo yake huwa msokoto wa tumbo au ugonjwa wa kwato.

Chakula cha madukani cha ng'ombe au kuku nacho si cha kujaribiwa: baadhi huwa na monensini, dawa ambayo kiasi kidogo tu huweza kuharibu moyo wa farasi.

Kuhusu jike mwenye mimba, husemwa kwamba anakula kwa ajili ya wawili tangu mwanzo. Mimba huchukua takriban miezi 11, na kwa miezi 7 au 8 ya kwanza mahitaji yake ya nishati hayatofautiani sana na ya farasi asiye na mimba. Zaidi ya nusu ya uzito wa kijusi huongezeka katika miezi mitatu ya mwisho. Katika kipindi hicho madini ni muhimu, hasa shaba, kwa kuwa maziwa ya farasi yana shaba kidogo na mtoto hutegemea akiba aliyozaliwa nayo katika ini. Njaa kubwa huja baada ya kuzaa: jike wa kilo 500 huweza kutoa takriban kilo 15 za maziwa kwa siku, na mahitaji yake ya nishati hukaribia mara mbili ya kawaida. Inashangaza kwamba ndipo wengi humpunguzia chakula.

Mtoto naye hunyimwa protini kwa hofu kwamba itampinda miguu. Kinachohusishwa zaidi na kasoro za viungo ni nishati iliyozidi, inayomkuza haraka mno, pamoja na madini yasiyo na uwiano. Protini ikipungua, hudumaa. La haraka zaidi ni dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa, ambayo anapaswa kuinywa ndani ya saa chache za kwanza, kwani baada ya saa 24 utumbo wake hauwezi tena kufyonza kingamwili zake.

Kukonda kwa farasi mzee huchukuliwa kuwa kawaida. Mara nyingi chanzo ni meno yaliyokwisha au minyoo, na daktari wa mifugo akishayachunguza hayo, chakula cha tembe chenye nyuzinyuzi, kilicholowekwa hadi kikawa uji mzito, humrudishia mwili bila kumlazimisha kutafuna hei.