Kufungua Kifaa Chako Hakuui Waranti

Wengi wanaonunua kompyuta au simu Marekani huamini kwamba ukibandua ile stika iliyofunika skrubu, waranti imekufa. Si kweli. Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamkataza mtengenezaji kuifunga waranti kwa sharti la kutumia vipuri au mafundi wake tu, isipokuwa akikupa huduma hiyo bure. Aprili 2018, Tume ya Biashara ya Shirikisho (FTC) iliyaandikia makampuni sita kuyaonya kuhusu masharti ya namna hiyo.

Ukikata waya kwa bisibisi yako, hasara hiyo ni yako, na ni haki. Lakini spika ikizimika yenyewe baadaye, kampuni ndiyo inayopaswa kuonyesha kwamba mkono wako ndio ulioiharibu. Stika iliyochanika si ushahidi.