Msanifu wa miji hufanya kazi gani?

Ukipita Mji Mkongwe wa Unguja baada ya alasiri utawakuta watu wamekaa barazani. Baraza lile ni benchi la mawe na chokaa lililojengwa pamoja na ukuta wa nyumba. Mwenye nyumba ndiye mwenye baraza, lakini hukaliwa na yeyote: jirani, muuza kahawa, mpita njia aliyechoka. Mvua kubwa ikijaza maji kichochoroni, watu hupita juu yake wasilowe miguu. Na kichochoro chenyewe ni chembamba kiasi kwamba nyumba za pande mbili hutiliana kivuli.

Usanifu wa miji unashughulika na mambo kama hayo, yaani na kile kilichopo kati ya nyumba na nyumba. Njia, mtaro, mti, kona yenye duka, kiwanja cha mpira, kituo cha daladala, lango la shule, na umbali wa kutoka kimoja hadi kingine. Mtu akikuambia mtaa fulani unakalika, mara nyingi hasemi habari ya nyumba yake. Anasema mtoto anakwenda shule mwenyewe, maji hayaingii ndani wakati wa masika, na usiku mama anaweza kutoka kununua dawa bila hofu.

Fani hii huchanganywa na jirani zake. Mpimaji ardhi anakwenda uwandani na mashine, anaweka bikoni, nawe unajua kiwanja chako kinaishia wapi. Msanifu majengo anachora nyumba. Mpangaji miji anaamua matumizi: hapa makazi, hapa biashara, hapa zahanati, hapa makaburi. Msanifu wa miji anakaa kati ya hawa wawili wa mwisho. Akishaambiwa hapa ni makazi na hapa ni soko, anauliza mtu atatokaje nyumbani mpaka sokoni, atapita wapi, atapumzika wapi, jua litakuwa upande gani. Kwetu Tanzania kazi ya kupanga mji na ya kuusanifu mara nyingi humwangukia mtu mmoja, na ile ya pili ndiyo inayosahaulika.

Tuchukue mfano mdogo, barabara ya mtaa yenye hifadhi, yaani upana wote uliotengwa, ya mita 12. Mwenye haraka ataziona zote kuwa za magari. Msanifu anaanza kuzigawa. Mita 6 zinatosha magari mawili kupishana polepole. Mtaro wa mita 1 kila upande, zimebaki 4, yaani mita 2 kila upande kwa wanaotembea kwa miguu. Mita 2 ni mama mwenye ndoo kichwani akipishana na mwanafunzi bila mmoja wao kushuka barabarani. Miti je? Mitaro ikifunikwa kwa zege watu watatembea juu yake, na nafasi iliyookolewa itapata mti. Mti gani? Mwarobaini unavumilia ukame. Mkungu una kivuli kizuri, lakini majani yake makubwa yakianguka mtaroni yanaziba. Kisha kuna mama lishe aliyezoea kuuza chapati pale kona kila asubuhi. Usipomchorea nafasi, atakaa juu ya njia ya miguu, na hapo wa kulaumiwa ni mchoraji, maana alimwona akamwacha. Hesabu ya mita 12 inaweza kumaliza wiki nzima, na kila sentimita ina mtu wake.

Wazo la kupanga mtaa mzima kwa kipimo cha miguu lina historia yake. Mwaka 1929 Mmarekani Clarence Perry alipendekeza mtaa upangwe ukizunguka shule ya msingi, ili mtoto afike darasani bila kuvuka barabara kuu. Wazo hilo lilienea duniani na kufika kwetu. Mpango wa makao makuu Dodoma, wa 1976, ulijaribu kulipa sura yetu wenyewe kwa kuanzia na kundi la nyumba kumi kama kipande kidogo kuliko vyote cha mji.

Lakini kwangu mimi mfano wenye mafunzo mengi zaidi ni Sinza. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza mradi wa viwanja vyenye huduma jijini Dar es Salaam. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilichorwa kabla hazijajengwa. Manzese, ambako watu walikuwa wameshajenga, iliboreshwa palepale: barabara, maji, mitaro. Sinza mtu alipewa kiwanja cha kiasi, akajenga mwenyewe kadiri mfuko ulivyoruhusu. Tembea huko leo. Nyumba nyingi za mwanzo zimebomolewa, yamesimama maghorofa, saluni, maduka ya simu, baa. Barabara ziko palepale zilipochorwa. Nyumba inaweza kubadilishwa na mtoto wa aliyeijenga, ila mstari wa barabara ukishakaa hautoki bila kuvunja nyumba za watu. Kijana anayeshika kalamu hiyo anawapangia wajukuu wa watu asiowajua.

Mwaka 2002 ukaja mradi wa viwanja 20,000, uliofungua maeneo kama Mbweni, Bunju, Tuangoma na Kisota. Kazi kubwa, na watu wengi walipata hati. Hata hivyo kiwanja kilichopimwa bado si mtaa. Viwanja vikubwa vinapendeza kwenye hati, lakini vikijazana mfululizo nyumba zinakuwa chache, na duka la Mangi haliwezi kuishi kwa wateja wachache. Likifungwa, kila mkate unahitaji bodaboda. Ndiyo maana wasanifu wa miji husisitiza kuchanganya: viwanja vidogo na vikubwa, nyumba na maduka, wenye kipato na wasio nacho. Naliamini hilo kabisa.

Wapo wanaodhani kazi hii ni ya maeneo mapya tu. Hanna Nassif, Kinondoni, watu walikuwa wamejenga bila mpango na mafuriko yalikuwa yakiwasumbua. Katika miaka ya 1990 wakazi waliingia katika mradi wa kuboresha mtaa wao, wakisaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa na wataalamu wa Chuo cha Ardhi. Walichimba na kujenga mitaro wao wenyewe, kwa malipo. Mtaalamu aliyefanya kazi pale ilimbidi aketi na wakazi, asikilize maji yanaanzia wapi na kuishia kwa nani. Mambo hayo huyajua aliyeamka usiku kutoa maji ndani.

Wakati mwingine kazi ni ndogo kuliko hiyo, na inaokoa roho. Shirika la Amend lilifanya kazi kwenye shule za Dar es Salaam ambako watoto waligongwa na magari wakienda darasani. Waliweka matuta, alama za kuvukia, njia za miguu na vizuizi vya kutenga watoto na magari. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya utafiti ya WRI (World Resources Institute). Matuta na njia za miguu! Hakuna daraja la kifahari hapo.

Kwa anayeitaka kazi hii, Jiografia na Hisabati ni msingi mzuri, na mkono unaopenda kuchora husaidia. Tanzania njia iliyozoeleka ni Chuo Kikuu Ardhi, ambacho kilianza kama shule ya upimaji mwaka 1956 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Mwaka huohuo zilipitishwa Sheria ya Mipango Miji na sheria ya kusajili wataalamu wake, kwa hiyo kufanya kazi kwa jina la mpangaji miji kunahitaji usajili wa bodi. Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara yake ya siku nyingi. Ajira ziko halmashauri, wizarani, kwenye kampuni binafsi zinazofanya urasimishaji wa makazi (kupanga na kupima mitaa iliyokwisha kujengwa bila mpango), na kwenye miradi ya wafadhili. Utatumia programu za kuchora na za ramani kama AutoCAD na QGIS, lakini viatu vitaisha kabla ya kompyuta.

Sehemu ngumu ya kazi haiko darasani. Mtaani nilikokulia kulikuwa na kiwanja cha mpira, eneo la wazi kwenye ramani. Leo pana ukuta na geti la chuma, na watoto wanacheza barabarani wakisimamisha mchezo kila pikipiki inapopita. Yule aliyelichora eneo lile alifanya kazi yake sawasawa. Waliokuja baadaye hawakulilinda. Mpangaji miji anayekataa kusaini mabadiliko ya matumizi ya eneo anaweza kujikuta peke yake kikaoni, na nadhani ujasiri huo ungepaswa kufundishwa pamoja na kuchora.

Kabla hujajaza fomu ya chuo, fanya jambo moja. Jumamosi asubuhi chukua futi na daftari, kaa kona yenye watu kwa saa moja. Hesabu wanaopita kwa miguu, kwa baiskeli, kwa bodaboda, kwa gari. Kisha mwombe rafiki ashike ncha moja ya futi, mpime upana ambao kila kundi limepewa. Andika idadi ya watu upande mmoja wa ukurasa, na mita zao upande wa pili.