Paozhi ni nini? Namna tiba asili ya Kichina inavyopunguza makali ya mizizi yenye sumu

Paozhi ni jina la jumla la kazi zote ambazo malighafi ya dawa, iwe mzizi, mbegu, mdudu au madini, hufanyiwa katika tiba asili ya Kichina kabla ya kumfikia mgonjwa. Malighafi hiyo huoshwa, hulowekwa, hukatwa na kuanikwa. Nyingine hupikwa kwa mvuke, hukaangwa ndani ya mchanga wa moto, au huchanganywa na siki, pombe, asali, tangawizi au shabu. Kwa dawa nyingi lengo ni kuongeza nguvu, kuondoa harufu mbaya au kuzuia zisioze ghalani. Kwa dawa zenye sumu lengo ni zito zaidi, kwa sababu mzizi uleule unaotibu ukiwa umeandaliwa huweza kuua ukiwa mbichi.

Mfano unaoeleza jambo hili vizuri kuliko yote ni fuzi. Hutoka katika mmea uitwao Aconitum carmichaelii, ambao hulimwa kwa wingi mkoani Sichuan, hasa Jiangyou, eneo lenye sifa ya kale kwa zao hilo. Mzizi mama wa mmea huitwa chuanwu, na vizizi vinavyoota ubavuni mwake ndivyo fuzi. Waganga wa Kichina huitumia mizizi hii kwa mgonjwa aliyepoa mwili, mwenye mikono na miguu ya baridi na mapigo dhaifu, au kwa maumivu ya viungo yanayozidi wakati wa baridi. Lakini ndani ya mzizi mbichi mna akonitini na sumu nyingine za jamii yake, na inakadiriwa kwamba takriban miligramu 2 tu za akonitini safi zinaweza kumuua mtu mzima. Sumu hii huzilazimisha njia za sodiamu katika seli za neva na za moyo zibaki wazi, hivyo midomo na ulimi hufa ganzi, hufuata kutapika na udhaifu wa viungo, kisha moyo hupiga ovyo hadi unaweza kusimama. Hakuna dawa mahususi ya kuizima. Hospitali humsaidia mgonjwa kwa kuulinda moyo wake mpaka sumu itoke mwilini, na kwa hiyo anayehisi ganzi mdomoni baada ya kunywa dawa yenye mzizi huu hapaswi kusubiri nyumbani.

Paozhi huibadilishaje? Akonitini haivumilii kupikwa kwa muda mrefu katika maji. Moto na maji huvunja viungo vya kikemikali vilivyomo ndani yake, kwanza kuwa benzoilakonini, ambayo sumu yake ni ndogo mara mamia kadhaa, kisha kuwa akonini, ambayo ni dhaifu zaidi. Anayeandaa muhogo mchungu ataielewa kanuni hii upesi, ingawa kuna tofauti moja ya msingi: sumu ya muhogo hutolewa ikaondoka, ilhali sehemu kubwa ya sumu ya fuzi hubaki humohumo ikiwa imegeuzwa umbo.

Famakopia ya China, yaani kitabu rasmi cha serikali kuhusu dawa, inaeleza utaratibu huo kwa undani. Chuanwu hulowekwa mpaka kiini chake kisiwe kikavu tena, kisha huchemshwa kwa saa 4 hadi 6, au hupikwa kwa mvuke kwa saa 6 hadi 8, mpaka mzizi mkubwa ukikatwa usionyeshe weupe katikati na kipande kikionjwa kiache ganzi ndogo tu ulimini. Kipimo hicho cha ulimi ni cha mafundi wenye uzoefu na mtu wa kawaida asikijaribu. Siku hizi maabara hukamilisha kazi hiyo kwa kupima akonitini na jamaa zake, ambazo katika chuanwu iliyoandaliwa hazitakiwi kuzidi asilimia 0.040. Fuzi ina njia zake: hulowekwa kwanza katika maji machungu yanayobaki baada ya chumvi kuvunwa, ndipo huchemshwa, hukatwa vipande na kuoshwa tena na tena.

Hata baada ya hayo yote kazi haijaisha, na hapa ndipo watu wengi hupotoka, kwa kudhani kwamba mzizi uliotoka kiwandani umeshakuwa salama kama majani ya chai. Famakopia inaweka kipimo cha fuzi iliyoandaliwa kuwa gramu 3 hadi 15, nayo inaagiza itangulie jikoni na kuchemshwa kwa muda mrefu kabla ya dawa nyingine kuongezwa. Aghalabu huambatanishwa na tangawizi kavu na gancao, mzizi mtamu ambao waganga hao huuamini kuwa mpunguza makali, na kanuni za kale zinakataza isichanganywe na banxia, dawa nyingine ya Kichina itokanayo na kiazi. Pombe ni hatari ya pekee. Anayeloweka mizizi mibichi katika pombe kali huivuta sumu nje ya mzizi bila moto wa kuivunja, kwa hiyo pombe ya kuchua viungo ikinywewa inaweza kuua. Katika mkoa wa Yunnan, ambako kuna desturi ya kupika mizizi ya jamii hii pamoja na nyama, mamlaka za afya zimelazimika kuwaonya wananchi mara kwa mara.

Busara ya kuanza na kidogo ni ya kale. Shennong Bencao Jing, kitabu cha awali kabisa cha dawa za Kichina, kinaelekeza kwamba dawa yenye sumu ianze kwa kiasi kama punje ya mtama, isimamishwe ugonjwa unapoondoka, na iongezwe tu usipoondoka. Sheria ya leo inafuata mwelekeo huohuo. Kanuni zilizotolewa na serikali ya China mwaka 1988 zinataja dawa 28 za asili zenye sumu, zinakataza cheti kimoja cha dawa kupita kiwango cha juu kabisa cha siku mbili, na zinamtaka mtoa dawa atoe iliyoandaliwa kila pale ambapo mganga hakuandika waziwazi kwamba anataka mbichi. Kwangu hilo la mwisho ndilo lenye hekima kubwa zaidi, kwa kuwa linahakikisha kwamba kusahau neno moja hakumdhuru mgonjwa.

Paozhi ina mipaka, na anayeieleza bila kuitaja mipaka hiyo anamdanganya msomaji. Asidi ya aristolokia, inayopatikana katika mimea ya jamii ya Aristolochia, huharibu figo na husababisha saratani ya njia ya mkojo, na hakuna upishi unaoweza kutegemewa kuiondoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakimeza vidonge vya kupunguza unene walianza kuugua figo, na waliodhurika walifikia takriban 100. Vidonge hivyo vilitakiwa viwe na fangji, mzizi wa Stephania tetrandra, lakini ndani yake kulikuwa na guangfangji, mzizi wa Aristolochia wenye jina linalokaribiana nalo. Kosa lilikuwa katika utambuzi wa mmea wenyewe, na tena dawa ilimezwa kwa miezi mingi kwa shabaha ambayo mapokeo ya Kichina hayakuikusudia. Kwa mimea ya namna hii China yenyewe iliacha kutafuta njia ya kuiandaa: mwaka 2003 ilikiondoa kibali cha guanmutong, dawa nyingine ya jamii ya Aristolochia, na mwaka 2004 ikakiondoa cha guangfangji.