"Hifadhi imeboreshwa" maana yake nini

"Yaya, diski ya nje ya kuwekea nakala hatuihitaji tena. Soma hapa: hifadhi imeboreshwa." Hayo aliniambia juma lililopita kijana ninayefanya naye kazi hapa Goma, kidole kikiwa kwenye orodha ya mabadiliko ya toleo jipya la VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe. Si wa kwanza kuielewa hivyo sentensi ile, ndiyo maana naandika.

Mashine pepe ni kompyuta inayoendeshwa na programu ndani ya kompyuta nyingine. Diski yake ni faili tu, mara nyingi lenye mwisho wa .vdi. Katika orodha ile, "hifadhi" ni jina la sehemu ya programu inayosoma na kuandika faili hilo, kama ilivyo sehemu ya mtandao na ya USB. Hitilafu ikirekebishwa hapo, njia ya kupitishia data ndiyo iliyotengenezwa. Basi.

Shida iko kwenye neno lenyewe. Hifadhi limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kulinda na kutunza kitu kisipotee. Ndilo lililomo katika "Mungu akuhifadhi". Aliyehifadhi Qurani anayo moyoni, hata msahafu ukiungua. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, inaitwa hivyo kwa kuwa wanyama wake wana askari wa kuwalinda, si kwa kuwa wamewekwa humo. Kompyuta zilipokuja, neno hilohilo likapewa kazi ya kusevu, likapewa tena kazi ya mahali pa kuweka data, na ile maana ya ulinzi haikuondoka. Msomaji anaisikia bila kuambiwa. Kifaransa cha kompyuta zetu kinasema stockage, na hiyo ni stoki ileile ya wafanyabiashara wa Birere, mtaa wa soko hapa Goma. Mtu wa Birere ana depo ya kuwekea mali, kisha ana sentineli wa kuilinda. Depo ikipanuliwa mlango ili magunia yapite haraka, hamwachishi sentineli kazi.

Tena kasi na usalama huvutana. VirtualBox ina chaguo la kutumia kashe ya kompyuta inayoibeba mashine pepe: mashine ikiandika, inajibiwa kwamba kazi imekwisha, ilhali data ingali kwenye kumbukumbu ya muda, haijafika diskini. Kazi inakwenda mbio. Umeme ukikatika, na hapa mjini unakatika, kilichokuwa njiani kinaweza kupotea chote. Nimeliona kwa macho yangu: mama amelipa karo ya mtoto, programu imeandika "imehifadhiwa" chini ya skrini, umeme ukaenda. Tulipowasha tena, namba za stakabadhi ziliishia kwenye ya mtu aliyemtangulia. Mama yule alikuwa bado amesimama mbele ya meza, anasubiri karatasi yake.

Kwa hiyo yule kijana nilimwomba jambo moja: kila palipoandikwa hifadhi katika orodha ile, asome depo. Akarudi juu, akasoma upya kwa sauti, "depo imeboreshwa, hitilafu za depo zimerekebishwa," akanyamaza kidogo. Sasisho tumeliweka, ni zuri, naye alikuwa na haki ya kulifurahia. Diski ya nje tumeibakiza, nayo jioni inalala nyumba nyingine, si kwenye meza moja na kompyuta.