Kupima mkojo ukiwa hedhini: yanayosemwa na ukweli wake

"Ukiwa kwenye siku zako, kipimo chochote cha mkojo ni bure."
Si chochote. Kinachovurugika ni uchunguzi wa jumla. Kile kijiti kinachochovywa koponi hubadilika rangi kikikutana na hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake, na hakina namna ya kujua kama damu imetoka kwenye figo au ukeni. Matone machache yanatosha, hata mkojo ukiwa bado wa njano. Protini nayo huweza kupanda, na chembe nyeupe zikaonekana nyingi. Mtu anarudi nyumbani na karatasi iliyojaa alama za kujumlisha, akiwa na hofu ya figo zilizo nzima. Kama ni uchunguzi usio na haraka, ngoja damu ikatike kabisa, kisha ongeza siku mbili tatu, maana mabaki huendelea kutoka.

"Hata mwenye UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) asubiri amalize."
Hili ndilo linaloumiza watu. Homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni havisubiri kalenda. Nawa, jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma, weka tamponi kama huwa unatumia, mwaga mkojo wa kwanza chooni, kinga wa katikati. Kisha mwambie mtu wa maabara uko hedhini, aandike kwenye fomu. Wengi huona aibu hapo, na daktari anasoma majibu bila kujua.

"Damu huharibu kipimo cha mimba."
Kipimo hicho kinatafuta hCG, homoni ya ujauzito, na damu kidogo haikizuii. Kinachodanganya zaidi ni kupima mapema mno. Ila kikisoma una mimba na damu inatoka, hiyo usiiite hedhi: nenda hospitali, hasa tumbo likiuma upande mmoja.

"Damu kwenye mkojo wa mwanamke ni hedhi tu."
Kosa la upande wa pili, na kwa Unguja na Pemba, ambako kichocho cha mkojo kipo, linaweza kuchelewesha matibabu kwa miaka. Damu inayorudi kwenye mkojo nje ya siku zako ichunguzwe. Mayai ya kichocho hutafutwa kwa darubini, na hutoka kwa wingi kwenye mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana.