Kumwandama mtu: kosa lililojificha ndani ya mambo madogo

Kumwandama mtu ni kumfuata, kumchunguza au kumtafuta tena na tena, naye hataki, mpaka aishi kwa hofu. Asubuhi jamaa amesimama stejini unapopandia matatu. Mchana ujumbe unaingia kutoka namba ngeni, maana ile ya jana uliiblok: sketi hiyo ya bluu imekupendeza. Jioni yuko ng'ambo ya geti. Ukienda kituoni, utaulizwa kama amekupiga au amekutishia. Hajafanya hayo, na hapo ndipo wengi hurudi nyumbani mikono mitupu. Kila tendo likitazamwa peke yake halina kosa. Madhara yako katika mfululizo, na sheria nzuri huupima mfululizo huo bila kungoja pigo la kwanza.

Ila kuwa na sheria tu hakutoshi. Korea Kusini ilianza kutumia yake Oktoba 2021, ikiwa na kifungu kwamba mashtaka hayaendelei endapo mwathiriwa hataki mshtakiwa aadhibiwe. Kifungu hicho kilimpa mwandamaji sababu ya kuzidi kumbana mwenzake amsamehe. Septemba 2022, mfanyakazi wa kike wa reli ya chini ya ardhi aliuawa katika stesheni ya Sindang, Seoul. Aliyemuua alikuwa mwenzake wa zamani kazini, aliyeachwa nje huku akisubiri hukumu ya kumwandama. Hukumu ilikuwa isomwe kesho yake. Mwaka 2023 kifungu kile kikaondolewa.

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya 2015 inahesabu kuandamwa kuwa dhuluma, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Lakini lazima pawe na uhusiano: ndoa, uchumba, ukoo, mtoto, au ukaribu wa namna hiyo. Kwa usumbufu wa mtandaoni, kifungu cha 27 cha sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018 kinafika hadi miaka 10 gerezani, faini ya shilingi milioni 20, au vyote viwili. Anayebaki katikati ni yule anayeandamwa kwa miguu na mteja au mtu baki. Huyo ndiye ninayemhofia zaidi. Angefaa kupata amri kama ya England na Wales, ambako tangu Januari 2020 polisi wenyewe huiomba mahakamani, na anayeivunja anaweza kufungwa hadi miaka 5.

Ikiwa ni wewe, usifute ujumbe hata mmoja. Andika tarehe, saa, mahali na aliyeshuhudia, kisha nakala mwachie mtu unayemwamini.